Mama Alitangulia Sakania

3 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo alasiri. Kabla haijakatika, maji ya mto yalikuwa yamefika kwenye kizingiti, mimi na mume wangu Chishimba tukawa tunanyanyua magodoro. Hapa Naviundu, pembeni mwa Lubumbashi, tumeyazoea hayo. Tusilolizoea ni barabara. Wiki iliyopita, kioo cha pembeni cha lori la madini kilinasa mkoba wa Plamedie alipokuwa akitoka shule, kikamzungusha na kumtupa mtaroni. Hakuvunjika kitu. Ana miaka sita. Alinyanyuka mwenyewe, akaokota kiatu chake. Lakini tangu siku ile, nikianza tu kumvalisha viatu asubuhi, anatapika.

Leo Chishimba, akikamua tambara, alisema bila kuniangalia kwamba tuhame. Nikamwuliza tuhamie mtaa gani. Akasema si mtaa, ni mji. Twende mahali padogo, pazuri, ambapo mtoto anakwenda shule kwa miguu, na ambapo fundi wa kuchomelea vyuma kama yeye na mwalimu wa darasa la kwanza kama mimi wanaweza kulipa nyumba bila kukosa usingizi. Nilicheka. Kisha nikaona kwamba yeye hacheki.

9 Novemba

Mvua. Mwenye nyumba amepita kutuambia kodi itapanda tena mwaka mpya. Alikuwa amevaa buti za mpira nzuri sana.

16 Novemba

Tumeanza kutafuta kweli. Musonda, kaka yake Chishimba, anauza samaki wakavu Pweto, na kila akipiga simu anatusifia ziwa: upepo wake, nyumba zake za bei rahisi, jinsi mtu anavyofungua mlango na kuona maji mpaka mwisho wa macho. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua mapazia. Lakini nilipomwuliza njia ikoje msimu huu, alikubali kwamba gari lake la mwisho lilikwama kwenye matope mpaka samaki wakaota ukungu. Dan wetu ana miezi kumi na kifua chake si kizuri. Pweto tumeiacha, kwa huzuni.

Chishimba anasema kuna Sakania, kwenye mpaka wa Zambia. Mwaka jana alikwenda huko kutengeneza geti, akarudi akisema ni mji wa kutembea. Hakueleza zaidi. Ndivyo alivyo, akikipenda kitu anakitaja mara moja basi.

24 Novemba

Tumerudi kutoka Sakania na sijui nianzie wapi.

Tulifika tumechoka, tumejaa vumbi lililogeuka tope, na Plamedie alikuwa amenishika sketi kama mtu anayening'inia. Tukaanza kutembea tukimtafuta Mama Kapya, mjane ambaye Chishimba alikaa kwake alipokuwa akifanya kazi ya geti. Njia ni ya udongo mwekundu. Nyumba za matofali za wakati wa reli zimejipanga pande mbili, zimezeeka vizuri, kila moja na barza pana mbele, kibaraza cha kukalia, na kwenye kila barza kuna mtu anayekusalimia. Si salamu ya kukutaka ununue kitu. Wanasema "mwapoleni" na kuendelea kuchambua mboga.

Tulipofika sokoni, sketi yangu ilikuwa nyepesi. Plamedie alikuwa ameniachia sketi. Alikuwa mbele yetu akiangalia mafungu ya uyoga, mwingine mkubwa kama sahani, na mama mmoja alikuwa akimwonyesha jinsi ya kuushika bila kuuvunja. Chishimba alinigusa kiwiko. Hatukumwita, tuliogopa kumshtua.

Toka sokoni tulikwenda shule kwa miguu, toka shule mpaka kituo cha afya, toka kituo cha afya mpaka kanisani, na kote huko mtoto hakuomba kubebwa. Sitadanganya: upande wa duane, kwenye forodha ya mpakani, malori yapo, yamepangana, na madereva wanalala chini yake. Lakini njia ya shule haipiti huko. Mkuu wa shule, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, alisema mwalimu wa darasa la kwanza anaondoka baada ya Pasaka. Na nyumba moja yenye barza, mita chache kutoka hapo, itakuwa wazi wakati huohuo, kwa kodi ambayo niliomba irudiwe kwa kuwa nilidhani sikusikia vizuri.

Mama Kapya alitupikia uyoga na bukari, ugali wa huku kwetu. Ni mrefu, mkimya, anaongea kama anayepima kila neno. Tulipoondoka alimfunga Plamedie kitambaa kichwani ili mvua isimpate. Sijawahi kuona mji ukimpokea mtoto wangu namna hiyo.

30 Novemba

Nilisubiri siku nzuri kumwambia Mama. Yeye anaishi nasi tangu Baba alipofariki. Ndiye anayemshika Dan ninapokuwa shuleni. Bila yeye hatuhami. Nilimweleza yote, barza, shule, uyoga. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kijiko chini.

"Mi siendi," alisema.

Nikamwuliza kwa nini. Akasema sisi ni watu wa Kasai. Huku Lubumbashi tumejaa, hakuna wa kutuangalia mara mbili. Kwenye mji mdogo kila mtu anaonekana, na siku mambo yakiharibika wanajua mlango wa kugonga. Nikamjibu kwamba mimi nimezaliwa hapa Katanga, na mume wangu ni Mulamba, kabila la hukuhuku, familia yake iko upande wa Kipushi tangu kabla ya migodi. Akasema hilo linamsaidia mume wangu.

Naandika kwa hasira. Ninamwona kama ukuta uliojengwa katikati ya nyumba.

7 Desemba

Mimi na Mama hatuongei. Dan ameota jino.

10 Desemba

Mvua, na jana lori jingine limegonga mkokoteni wa muuza makaa mbele ya shule. Hakuna aliyeumia. Plamedie aliona.

14 Desemba

Leo nimegombana na mama yangu, na namshukuru Mungu kwamba tuligombana.

Nilikuwa nimerudi na Plamedie ambaye alitapika njiani. Nikamwambia Mama kwamba hofu yake ya zamani inamla mjukuu wake wa leo. Nilisema kwa sauti, majirani wakasikia. Chishimba akaingia katikati, akamwambia Mama kwa upole kwamba atakuwepo Sakania kila siku, na akiwepo yeye hakuna atakayetugusa.

"Bwana yangu naye alisemaka vile," Mama alijibu.

Kisha akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akatueleza. Miaka yote hii nilijua tu kwamba wazazi wangu waliishi Likasi kabla sijazaliwa, na kwamba nilikuwa na kaka, Ephraïm, aliyekufa mdogo. Sikujua kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, wakati watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga. Baba alikuwa na kazi nzuri na marafiki wengi pale mtaani. Vijana walipokuja kuwatoa ndani, baadhi yao Mama aliwajua kwa majina, maana aliwahi kuwapa chakula. Jirani aliyezoea kuja kuomba chumvi alikuwa amekaa kwenye barza yake, akiangalia pembeni. Mama anasema wale vijana hawamrudii akilini, ila yule aliyeangalia pembeni anamwona mpaka leo.

Walikwenda stesheni na wengine wengi sana kungoja treni ya kurudi Kasai, nchi ambayo Mama hakuwahi hata kuiona. Walikaa pale majuma mengi, mvua ikiwanyeshea, chini ya mashuka ya plastiki. Ephraïm alikuwa na miaka miwili. Alianza kuhara. Mama alikuwa na mimba yangu. Hakuwa na la kumpa ila maji yaleyale yaliyomwumiza. Walimzika hukohuko, na treni ilipokuja Baba alikataa kupanda. Alisema hamwachi mtoto upande mmoja na kwenda upande mwingine. Wakaja Lubumbashi kwa kificho, kwa binamu yake.

Mama alieleza yote hayo akimpapasa Dan mgongoni, bila kulia. Mimi ndiye niliyelia. Chishimba alitoka nje akasimama kwenye mvua bila sababu.

Nilimwambia Mama kwamba tumeacha, hatuendi popote. Aliinuka akaenda kumlaza Dan.

21 Desemba

Asubuhi, nikisuka nywele za Plamedie, Mama alikuja akasimama mbele yangu amevaa kitenge chake cha kanisani. Alisema amefikiri wiki nzima. Mtoto hawezi kuendelea kutapika, na yeye hawezi kutupeleka mahali asipopajua.

"Mi njo nitatangulia," alisema. "Nitaikala kule miye peke, bila mukwe, bila mutoto. Bakinifukuza, bafukuze mama muzee. Habatafukuza Plamedie."

Nilimwambia hapana. Chishimba alimwambia hapana. Akatusikiliza kwa adabu, kisha akatuuliza basi la Sakania linatokea wapi.

3 Januari

Ameondoka. Chishimba alitaka kumsindikiza mpaka kwa Mama Kapya, ambaye amekubali kumpangisha chumba cha nyuma. Mama alikataa, akasema wakimwona na mkwe wake Mulamba watamsalimia mkwe. Alipanda na sanduku moja na sufuria yake ya kusongea fufu. Basi lilipoondoka hakugeuka. Nimekaa na mwanamke huyu miaka thelathini na mbili na nilidhani ni mwoga.

8 Januari

Amepiga simu. Anasema chumba kinavuja kona moja, na sombe lao, majani ya muhogo, wanalipika bila kulitwanga vya kutosha.

12 Januari

Kumbe anapita nyumba kwa nyumba. Sikuamini mpaka Mama Kapya mwenyewe aliponithibitishia kwenye simu, kwa ile sauti yake ya kupima. Kila asubuhi Mama anachagua njia moja, anabisha hodi, na anasema: "Miye Muluba wa Kasai. Niko natafuta nyumba ya batoto yangu." Anataka waambiwe mapema, waonyeshe sura zao mapema.

Nikamwuliza Mama Kapya wanamjibu nini. Akasema wengi wanampa kiti. Wengine hawampi.

19 Januari

Kuna seremala anaitwa Clovis, karakana yake iko njia panda karibu na kwa Mama Kapya. Alimwambia Mama mbele ya watu, "Munakuyaka moya, kisha munakuwa kumi."

Mama akamjibu, "Hatutakuwa kumi. Tutakuwa batano."

Ananisimulia akicheka kidogo, lakini najua kicheko chake. Nilimwomba arudi. Akasema mwezi aliolipia haujaisha.

27 Januari

Mvua kila siku. Nyumba inanuka ukungu. Bila Mama, Dan anashinda kwa jirani yetu Mado, ambaye hataki nimshukuru hata mara moja. Naviundu nayo ina watu wake. Nikiondoka nitaacha kitu hapa.

4 Februari

Simu ya Mama haipatikani tangu juzi. Ya Mama Kapya pia. Wanasema dhoruba imeangusha mnara upande ule.

6 Februari

Bado. Nimefundisha herufi moja leo asubuhi yote, watoto wakaniangalia tu. Chishimba ameacha kazi katikati. Tunaondoka kesho alfajiri, watoto watabaki kwa Mado.

9 Februari

Naandika nikiwa kituo cha afya, Sakania. Nina muda, Mama amelala.

Njia ilikuwa mbaya kuliko nilivyoogopa. Basi lilikwama, tukashuka, tukasukuma, likakwama tena. Kila mara liliposimama niliona stesheni ya Likasi ambayo sikuiona kamwe. Nilimwona Mama kwenye tope na watu kwenye barza zao wakiangalia pembeni. Chishimba alinishika mkono muda wote wala hakuniambia kwamba kila kitu kitakuwa sawa. Nilimpenda kwa hilo.

Tulifika mchana, mvua ikinyesha. Mlango wa chumba cha Mama ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mlango wa Mama Kapya pia. Niligonga mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Ndipo mtu mmoja akatoka mbio kwenye karakana ya njia panda, amejifunika gunia kichwani, mtu mfupi mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alinitazama mara moja tu. Nafanana na Mama, wote wanasema.

"Weye njo mutoto yake," alisema. "Kuya. Iko muzima."

Ndiye Clovis. Tukiwa tunatembea nyuma yake alitueleza kwa mafungu, kama mtu asiyependa kuongea. Siku ya dhoruba Mama hakuonekana asubuhi. Mama Kapya alimkuta sakafuni, anawaka homa, hajui yuko wapi, anaita mtoto ambaye hakuna aliyemjua. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Magari hayakuwepo, njia ilikuwa mto. Mama Kapya alitoka nje akapiga kelele, na waliotoka walikuwa majirani wa pande zote mbili za njia. Clovis alileta baiskeli. Walimweka Mama juu ya kiti cha nyuma, mmoja akamshika kushoto, mwingine kulia, Mama Kapya nyuma na plastiki ya kumfunika, na Clovis akasukuma, maji yakiwafika magotini, mpaka huku.

Nikamkuta Mama amekaa kitandani, amekonda, amevaa gauni la mtu mwingine, akimweleza Mama Kapya kwamba uji hauna chumvi. Mama Kapya alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyekesha siku kadhaa. Alinisalimia, akanipa kiti chake, akatoka kwenda kuleta chumvi.

Nilipiga magoti pembeni ya kitanda. Nilimwambia Mama basi, imetosha, turudi nyumbani. Nilimwomba anisamehe kwa kumleta huku. Aliniacha nimalize. Midomo yake ilikuwa imekauka na aliongea polepole.

"Ule Clovis hanipendi," alisema. "Hata sasa. Alisukuma baiskeli pamoya na matusi yake. Lakini alitoka mu nyumba. Bote balitoka." Akapumzika. "Christiane, mi sikuya kutafuta bantu ba kunipenda. Nilikuya kuona nani atafungua mulango."

Nilimwuliza anataka kusema nini. Akasema nimwambie mwenye nyumba ya barza kwamba tunaichukua.

Chishimba alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja akainama, akashika miguu ya Mama kwa mikono yote miwili juu ya blanketi, akabaki vile. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kwa mtu yeyote.

1 Machi

Mama amekataa kurudi nasi Lubumbashi kupumzika. Tulirudi wawili. Mnara umetengenezwa, anapiga simu kila jioni. Mama Kapya ameanza kutwanga sombe vizuri.

14 Machi

Mvua inapungua. Nimemwambia mkuu wangu wa shule kwamba ninachukua darasa lile la Sakania. Alihuzunika, kisha akaniuliza huko Sakania kiwanja kinauzwaje.

22 Machi

Plamedie amemwuliza bibi yake kwenye simu kama njia ya shule ina lori. Mama akamwambia ina mbuzi wawili wabaya na mbwa mmoja mzuri. Mtoto ameyafikiria hayo mchana kutwa. Anataka kujua majina ya mbuzi.

5 Aprili

Pasaka. Tumekula na Mado na wanawe uani, kwa mara ya mwisho. Mto umerudi mahali pake na unaonekana mpole, kama si huu ulioingia chini ya vitanda vyetu. Mado alimbeba Dan mpaka Dan akalala, hakutaka kumweka chini.

11 Aprili

Tumehamia. Mbingu ni safi, hewa imeanza kuwa baridi asubuhi. Gari lilipofika, watu walitoka kwenye barza zao bila kuitwa, wakaanza kushusha vitu. Wengine waliuliza huyu ni nani, wengine wakawajibu, ni mtoto wa Mama Ntumba. Ametangulia miezi mitatu tu, na tayari mimi ndiye ninayetambulishwa kwa jina lake.

Nyumba ina vyumba vitatu. Kile chenye dirisha la mashariki nilimwekea Mama: kitanda, shuka jipya, ndoano ya vitenge. Alikiangalia, akagusa ukuta, akasema ni kizuri, Dan atalala vizuri humu.

Nikamwambia ni chake. Akatingisha kichwa.

"Mi niko na nyumba yangu," alisema. Maana yake kile chumba cha nyuma cha Mama Kapya, kinachovuja kona moja. "Toka kwangu mupaka kwenu ni kutembea tu."

Niliudhika kidogo. Chishimba aligeukia ukutani ili asicheke.

14 Aprili

Siku ya kwanza ya muhula. Plamedie alitembea kati yangu na Mama. Hakutapika. Mbuzi ni wabaya kweli.

26 Aprili

Jumapili. Mama alikuja baada ya kanisa, akabisha hodi mlangoni kama mgeni, akangoja nimkaribishe. Alileta fufu iliyofunikwa kwa kitambaa. Alikula nasi, akambeba Dan, akamrekebisha Chishimba jinsi ya kupanda vitunguu. Nikamwambia alale, jua linazama. Akasema hapana, anarudi kwake.

Nilisimama kwenye barza nikamwangalia. Mama yangu, ambaye Lubumbashi alikuwa akitembea kando ya ukuta kabisa, macho chini, alikuwa anatembea katikati ya njia. Kila barza ilimsalimia, naye alijibu kila moja, kwa Kibemba kibovu sana. Alipofika njia panda alisimama mbele ya karakana. Nilimwona akinyoosha kidole kuelekea mlango ambao Clovis alikuwa akiutengeneza. Bila shaka alikuwa akimwambia umepinda. Clovis aliongea kwa muda, akitupa mikono. Mama akajibu. Wakaendelea hivyo, na sikusikia neno hata moja.

Kisha Clovis akaingia ndani, akatoka na kiti, akakifuta vumbi la mbao kwa kiganja, akakiweka njiani. Mama akakaa.